Byukusenge kwa Bei Nzuri

Epiphanie alijua kusoma, lakini kusoma kwake kulikuwa kule kwa misa na vibao vya njiani: polepole, midomo ikitangulia macho. Kwa hiyo ilimchukua muda kuyapanga yale maneno ya Kifaransa yaliyotokea kwenye kioo cha kompyuta ya Muhindo. Alipokwisha kuyapanga alipiga ukelele, na wanunuzi wa sabuni wakatoka dukani mbio wakidhani mji wa Sake umevamiwa tena.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: «Trouvez Byukusenge ici. Byukusenge au meilleur prix.»

Mpate Byukusenge hapa. Byukusenge kwa bei nzuri. Na chini yake, kwa herufi nyekundu, ahadi kwamba angeletwa mpaka mlangoni bila malipo ya usafiri.

Byukusenge alikuwa binti yake wa kwanza, na ulikuwa unakaribia mwaka tangu apotee.

“Banamuuzisha!” alisema Epiphanie, kidole kikigonga kioo. “Papa Muhindo, banamuuzisha mutoto wangu! Ona, beyi iko hapa!”

Wapo waliomcheka siku ile, na awasamehe mwenye moyo wa kusamehe. Watu wa milima ya Masisi walikuwa wamemkomboa mtu kizuizini kwa mbuzi, wengine kwa godoro, wengine kwa redio iliyokuwa bado inaimba. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake, ukimwonyesha jina la mwanawe na neno bei pembeni, unataka afikiri nini? Afikiri ni tangazo?

Muhindo hakucheka. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, tumbo mbele na maneno mbele zaidi. Alikuwa amefungua duka pale Sake, barabara zinapoachana, akiuza chumvi, misumari, sabuni na betri. Pembeni, nyuma ya magunia ya maharagwe, aliweka kompyuta moja iliyoendeshwa kwa jua, na modemu yake ameifunga kwenye kijiti nje ya dirisha ili ishike mtandao. Hapo ndipo wanafunzi walipokuja kutafuta majibu na wachungaji kutafuta mahubiri. Tangu vita vya mwaka uliopita vilipotawanya watu, wengine walikuja kutafuta watu wao. Dancille, jirani wa Epiphanie katika kambi ya wakimbizi, alikuwa amempata mpwa wake pale pale, katika picha ya watoto waliopokelewa na masista. Ndiyo maana Epiphanie alikuja.

“Mama, kaa kwanza,” Muhindo alimwambia. “Hii kitu inadanganya. Hakuna mwenye kumuuzisha mutoto wako. Angalia, sasa minaandika jina yangu.”

Akagusa ule mstari mrefu wa juu kabisa, pale mtu anapoandika anwani ya ukurasa anaoutaka au neno analolitafuta, akaandika: Muhindo. Wakangoja. Ukurasa ukaja, na picha zile zile za viatu na saa za mkononi: Mpate Muhindo hapa. Muhindo kwa bei ya kutupa.

“Umeona? Hata mimi niko sokoni. Na beyi yangu banaitupa, ya mutoto wako iko muzuri.”

Epiphanie alitaka kulia, kikamtoka kicheko, kikakwama katikati. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu Nyamitaba.

Nyamitaba, kijiji chao kule Masisi, kilipoungua, mumewe Kabera alikuwa malishoni akijaribu kuokoa ng'ombe. Epiphanie alikuwa na kitinda mimba mgongoni, anawaka surua, hawezi kwenda mbio. Jirani yao Mukandori alikuwa anaondoka na watu wa kanisa kwa njia ya juu, akasema, “Nipe mukubwa, tutangulie.” Byukusenge alikuwa na miaka minane. Epiphanie aliutia mkono wa mtoto katika mkono wa Mukandori, akasimama kufunga kitenge vizuri, na risasi zikaanza kati yao na wale waliotangulia. Wa juu wakasukumwa kuelekea Walikale. Wa chini wakateremka mpaka Sake, na wengi wakaishia kwenye vibanda vya turubai upande wa Mubambiro, karibu na kambi ya askari.

Baada ya wiki nyingi Mukandori naye akafika Mubambiro, amekonda, peke yake. Kizuizini watu walisukumana, alisema. Yeye alishikilia mkono kwa nguvu zake zote, hakuuachia hata kidogo, na walipotokea upande wa pili akatazama chini, akaona ameshika mkono wa mtoto mwingine.

Epiphanie hakumlaumu, au alimlaumu kimoyomoyo, ambako hakuna anayepaswa kujibu. Kabera ndiye aliyemchosha. Kabera alikuwa anavunja mawe ya volkano kwa ajili ya wajenzi, anarudi jioni na vumbi kwenye kope, na siku moja alisema neno ambalo mkewe aliliona likija tangu mbali.

“Pasaka ikipita, nitaita watu. Tutamulilia mutoto, tutakunywa ile pombe ya kumaliza kilio, roho yake ipumuzike. Na sisi tupumuzike.”

“Kumulilia mutu mwenye angali muzima ni kumuua,” Epiphanie alimjibu.

“Basi uniletee neno yake mbele ya Pasaka.”

Hawakugombana zaidi. Ila tangu siku ile, kila siku ya soko alitembea kutoka Mubambiro hadi Sake akiwa na Pasaka kichwani.

Muhindo aliapa kwa Bikira Maria kwamba ataiponya ile mashine. Kwanza aliizima na kuiwasha, dawa ya kwanza ya kila fundi na ya mwisho ya wengi. Haikusaidia. Akahamisha kijiti cha modemu kutoka dirishani hadi juu ya paa, akidhani mtandao umechafuka. Mtandao ukaja vizuri zaidi, na yale matangazo ya walaghai yakaja kwa haraka zaidi. Akafuta kumbukumbu zote za kurasa zilizowahi kufunguliwa, na wachungaji wakapoteza mahubiri yao. Ukiandika chochote kwenye mstari wa juu, iwe dawa ya minyoo au sikukuu ya mtakatifu, ulirudishiwa ahadi ile ile: kipo, bei nafuu, bonyeza hapa.

Jambo la ajabu, aligundua, ni kwamba ukiandika juu anwani kamili, ukurasa wake ulifunguka bila shida. Ni maneno ya kutafuta tu yaliyopotea. Alimweleza Epiphanie akitumia mikono yote miwili.

“Unaandika jina hapa juu. Jina inatoka, inaenda kutafuta. Lakini mu njia kuko mwenye anaikamata, anaipeleka kwake, anakurudishia uwongo.”

“Njo barrière,” alisema Epiphanie.

“Nini?”

“Kizuizi. Jina inatembea, banaisimamisha, banaiangalia, banaipeleka kwenye banataka.”

Muhindo akamtazama. Alikuwa ametafuta maneno kwa siku mbili, na huyu mama wa mashamba ya viazi ameyasema huku anafunga kitambaa cha kichwa.

“Njo vile vile, Mama,” alisema.

Mwisho alimpigia simu binamu yake wa Butembo, Athanase, anayetengeneza kompyuta. Athanase hakuuliza habari za modemu. Aliuliza swali moja tu: umeingiza nini ndani ya hiyo mashine?

“Hakuna,” alisema Muhindo.

“Kaka, uliingiza kitu.”

“Nakuambia hakuna.”

“Muhindo.”

Ndipo ikatoka. Mwezi wa Noeli alitaka nyimbo za kwaya, akapakua kiprogramu cha kuchezesha nyimbo. Kiprogramu kilipokuwa kinaingia kiliuliza maswali, na yeye akajibu Oui, Oui, Oui, ndiyo kwa kila kitu, mpaka mwisho. Mtu wa Butembo hakatai mteja, hata mteja aliye ndani ya kompyuta. Moja ya zile Oui ilikuwa kibali: kubali ubao mdogo wa vitufe ukae chini ya mstari wa anwani, na kubali kuanzia leo utafutaji wako wote upitie kwao. Ule ubao alikuwa akiuona kila siku. Alidhani ni pambo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Athanase alimwongoza kwa simu aende kwenye orodha ya programu, na Muhindo akaung'oa. Siku ya soko iliyofuata ukawa umerudi, vitufe vyake vyote vinang'aa.

“Umekata majani,” alisema Epiphanie, maana kwekwe alizijua. “Muzizi umeiacha mu udongo.”

Mzizi ulikuwa sehemu tatu. Mmoja ulikuwa katika viongezo vya kivinjari, yaani lile dirisha lenyewe la kusomea mtandao. Mwingine ulikuwa katika ukurasa unaofunguka kwanza. Wa tatu, uliojificha kuliko yote, ulikuwa mahali pale ambapo kivinjari huambiwa ni nani atatumwa kutafuta neno likiandikwa kwenye mstari wa anwani. Muhindo aliitoa mmoja mmoja, simu sikioni, jasho shingoni, Athanase akimgombeza kutoka Butembo kama mtoto wa shule. Akachagua mtafutaji mwingine, wa kweli. Akazima, akawasha. Ule ubao haukurudi.

“Tujaribu,” alisema Muhindo, na kwa kuogopa kuanza na lenye uchungu aliandika: ugonjwa wa kuku. Wakaja kuku, kuku kweli kweli, na madaktari wao. Akapiga makofi. Mwanamke aliyekuwa ananunua chumvi naye akapiga makofi bila kujua kuna nini.

Kisha akamsogezea Epiphanie kiti, na Epiphanie mwenyewe, kwa kidole kimoja, akaandika jina la mwanawe.

Wakaja akina Byukusenge. Walikuwa wengi, na wote walikuwa watu: mmoja mtawa, mmoja mkimbiaji, mwingine bibi harusi mwenye tabasamu, mwingine marehemu. Muhindo akaongeza Nyamitaba. Akaongeza Masisi, akaongeza Walikale, akaongeza mtoto aliyepotea. Walifungua kila ukurasa, wakangoja kila picha. Mchana ukawageukia pale pale, wateja wa sabuni wakijihudumia wenyewe.

Hakuwepo.

Kwa wiki zote zile ubaya ulikuwa wa mashine, na kulikuwa na faraja ndani yake, kwa sababu kitu kilichoharibika huenda kikatengenezwa. Sasa mashine imepona. Ilitafuta vizuri, ikasema ukweli, na ukweli ulikuwa kwamba mtoto hayupo. Epiphanie alitamani ule ubao wa walaghai urudi, angalau wao walisema wanaye.

“Asante, Papa Muhindo,” alisema, akainuka. “Kabera aite watu yake.”

“Ngoja, Mama. Hana jina ingine? Ya ubatizo?”

“Ni ile tu.”

“Ile ya shuleni? Ile ya kucheza na benzake?”

Epiphanie alikaa tena. Alikuwa nalo jina jingine. Alikuwa nalo siku zote zile, akitembea nalo kutoka Mubambiro na kurudi nalo Mubambiro. Mara ya kwanza hakulitaja kwa sababu halikumjia akilini kuwa ni jina: lilikuwa kitu cha njiani, kama fimbo ya kuvukia tope, ukivuka unaiacha. Baadaye, alipoanza kushuku, hakulitaja kwa aibu, tena aibu mbele ya mtu huyu hasa. Lakini mficha uchi hazai.

“Iko jina ya barabarani,” alisema.

Muhindo hakuuliza jina la barabarani ni nini. Nani asiyejua, katika nchi ile? Jina hutaja kabila, na kuna kizuizi ambapo jina lako linakupitisha na kuna kizuizi ambapo jina hilo hilo linakulaza chini. Wenye watoto waliwafundisha kama wanavyofundisha Baba Yetu.

“Wakati vita bilianza kusemwa-semwa, nilimufundisha. Kila magaribi, mbele ya ugali. Nikamwambia, wakikuuliza, useme unatoka Butembo. Useme wazazi wako walikufa, basikutume ubaonyeshe. Na jina useme…” Akainamisha kichwa. “Kasika. Niliiba jina ya kwenu, Papa Muhindo. Unisamehe.”

Kasika ni jina la kwao Butembo, la binti wa kwanza, na hakuna ukoo usio na Kasika. Mama mzazi wa Muhindo alikuwa Kasika, na kaburi lake lilikuwa bado halijaota majani.

“Haukuiba,” alisema Muhindo, sauti yake imepungua unene. “Ungekuja kuniomba, ningekupatia na mama yangu juu yake.”

Halafu akauliza, polepole, “Lakini Mama, ni mwaka sasa. Kama alifika kwa watu bazuri, hangebaambia jina yake ya kweli?”

“Nilimukataza,” alisema Epiphanie. “Nilimwambia, usiseme jina yako kwa mutu yeyote, hata padri, hata mama mwenye atakupa chakula, mupaka nikuje mimi mwenyewe unione na macho.”

Alipolisema hili kwa sauti, ndipo alipoelewa alichokifanya. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alimkunja vizuri. Mtoto yule hakuwa mkaidi hata siku moja. Ukimtuma chumvi analeta chumvi.

Muhindo akafuta mstari wa juu, akaandika: Kasika. Wakaja maelfu. Akaongeza mtoto, yatima, Butembo, Walikale. Akabonyeza, akaanza kusali bila sauti, midomo tu.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa parokia moja ndogo, habari za sikukuu ya watoto huko Buleusa, upande wa Walikale. Kulikuwa na maneno machache na picha ya kwaya. Mtandao ulikuwa mzito, picha ikashuka kidogo kidogo kutoka juu: bati la kanisa, kisha ukuta, kisha vichwa vilivyonyolewa vyote sawasawa, vya wavulana na vya wasichana. Epiphanie alishika ukingo wa meza. Nyuso zikashuka, zote zimefumba macho kwa jua, na kweli hakuna aliyeweza kuapa juu ya uso wowote. Kisha ikashuka miguu. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ameuegemeza juu ya wa kwanza.

“Acha,” alisema Epiphanie, ingawa hakuna aliyekuwa anagusa kitu. “Acha hapo. Anasimamaka vile tangu ajue kusimama. Papa yake anamugombezaka kila siku.”

Akalia, kwa sauti, bila kujificha, kilio cha furaha ambacho hata mwanamke wa chumvi alikielewa. Muhindo akasoma maandishi huku akijifuta macho kwa kitambaa cha kufutia mizani. Waimbaji wadogo, miongoni mwao Kasika, yatima wa Butembo, anayelelewa na katekista wao, Mama Adelaïde. Na chini kabisa, namba ya simu ya kwaya.

Walipiga pale pale. Muhindo aliiweka simu juu ya meza ya duka, sauti nje, wote wawili wasikie. Ikalia sana kabla ya kupokewa.

“Alo?”

“Jambo, Mama. Sisi tuko Sake. Tunauliza mutoto mumoja wa kwaya, anaitwa Kasika.”

Nyuma ya yule mama kulikuwa na sauti za wanaume, nyingi, zikicheka jinsi wanavyocheka watu ambao hakuna awezaye kuwaambia wanyamaze.

“Tuko na bageni hapa,” alisema Mama Adelaïde.

Aliyatamka kwa uangalifu, na Epiphanie akajua wageni gani. Katika milima ile hakuna mtu anayesema wenye bunduki wakati wenye bunduki wamekaa kwenye ukumbi wake.

“Nani anaita?” mwanaume mmoja aliuliza kwa mbali.

“Ni watu ya kwaya, wa Sake. Banauliza Kasika.”

“Banamutakia nini? Weka sauti nguvu, na sisi tusikie.”

Simu ikakwaruza. Akaitwa mtoto. Epiphanie alisikia miguu inakuja mbio juu ya udongo, akaijua, akaweka mkono mdomoni. Nyumbani hawakuwahi kusemezana Kiswahili. Walisema lugha yao ya mlimani, na ndiyo iliyokuwa sasa ikimjaa kinywani, maneno yote ya kumwamsha mtoto asubuhi, ya kumtoa funza miguuni, ya kumwita arudi giza linapoingia. Neno moja tu la lugha ile, na wale wageni wangegeuza vichwa, wajue mtoto ni wa kabila gani.

“Kasika,” alisema. Ilimbidi aseme tena. “Kasika, mutoto.”

“Nasikia, Mama.”

Sauti ilikuwa imekua. Muhindo alimwashiria kwa mikono yote: sema, sema. Kule upande wa pili yule mwanaume akauliza, tena akiwa karibu zaidi, “Huyu mutoto iko wa nani? Iko wa wapi?”

Na mtoto akajibu. Akamjibu yule mwanaume, au akamjibu kila mtu aliyekuwa anasikiliza.

“Naitwa Kasika. Natoka Butembo. Mama yangu alikufa.” Akavuta pumzi. “Na Papa yangu.”

Ile pumzi ilikuwa ya Epiphanie. Ni yeye aliyeiweka pale, magharibi moja mbele ya ugali: usiseme mbio-mbio, mwanangu, taja Mama, pumua, halafu utaje Papa, hapo wataamini. Alikuwa amemrudisha nyuma mara nyingi siku ile mpaka mtoto akachoka, mpaka ikawa kama kweli.

“Pole, kadada,” alisema yule mwanaume kule, bila hasira, na kitu kikagongwa mezani kama chupa.

Mama mwingine angepiga kelele, mimi hapa, mimi mzima, mimi ndiye niliyekuzaa. Epiphanie naye alitaka, Mungu anajua alivyotaka. Lakini Sake na Buleusa zinatenganishwa na milima na kila mlima una wenyewe, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Angepiga kelele, kisha simu ingekatika, na mtoto angebaki pale na kelele ile na watu wale.

“Eeh,” alisema. “Basi nimekosea. Natafuta Kasika mwingine, mutoto wangu.”

“Hakuna shida, Mama.”

“Unakulaka muzuri?” Swali hilo mama yeyote humwuliza mtoto yeyote.

“Nakulaka.”

“Unalalaka?”

“Nalalaka.”

“Imba sana,” alisema Epiphanie. “Na usikilize mama mwenye anakulea. Yote anakuambia.”

“Ndiyo, Mama.”

Simu ikakatika. Huenda ilikuwa mtandao, huenda ni mkono wa mtu.

Muhindo alikuwa amesimama, ameiva usoni kwa hasira iliyokosa pa kwenda. “Mama! Juu ya nini? Alikuwa yeye! Umesema mwenyewe ni yeye!”

“Ni yeye.”

“Sasa?”

“Ulisikia bale banaume?”

Muhindo akakaa juu ya gunia. Alikuwa amewasikia. Akaanza kuhesabu madereva anaowajua, malori ya Walikale, nani anapita, nani alirudishwa, nani hakurudi. Kila barabara aliyoitaja aliifunga mwenyewe kabla hajamaliza kuitaja.

“Barabara ikifunguka kidogo, nitakupeleka mimi mwenyewe,” alisema. “Na Papa Kabera, leo utamwambia…”

“Simwambii kitu. Na weye usimwambie.”

“Mama, ataita watu ya kilio!”

“Abaite. Kabera akikunywa anasema, na Mubambiro yote inasikia, na maneno inapita kizuizi kuliko mutu. Bakijua kule Buleusa kwamba Kasika ni mutoto wa Nyamitaba, nitakuwa nimemuua mimi.” Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Batamulilia. Nitakaa katikati, nitalia nabo. Hakuna mwenye atasema machozi yangu ni ya uwongo.”

Akainuka, akafunga kitenge. Kwenye kioo ile picha ilikuwa bado wazi, bati, ukuta, watoto waliofumba macho kwa jua. Aliitazama mpaka Muhindo akadhani amesahau kwamba hayuko peke yake.

“Papa Muhindo,” alisema. “Alijua ni mimi, akafanya vile nilimufundisha? Ao amenisahau, anazani kweli nilikufa?”

Muhindo alitazama kioo, akatazama nje barabarani. Alikwenda kufunga mlango wa duka, ingawa ilikuwa siku ya soko na jua lilikuwa bado juu, ili mama wa watu alie bila kutazamwa.